Mwaka Kompyuta Zilipotabiriwa Kifo

Ujumbe ulinikuta kituo cha treni cha Selly Oak, Jumanne asubuhi, nimesimama kati ya wanafunzi wa chuo ambao kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake kama mtu anayechagua mchele. Uliandikwa na Jasbir, mwana wa Mzee Mohinder, mwajiri wangu wa kwanza, fundi wa kompyuta wa Soho Road. Jasbir alizaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha atakujibu Kiingereza, na kwa Kiingereza alinieleza kwamba baba yake amefariki alfajiri hospitalini. Alinieleza pia siku za mwisho zilivyokuwa, kwa urefu, kama mtu aliyekosa wa kumwambia. Hayo nitayaacha hapo yalipo. Akasema hajaweka tangazo kwenye kundi letu la simu, lile la watu wa zamani, na hataliweka mpaka mchana, kwa sababu kuna jambo alilomwahidi baba yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaandika Kiswahili, tena Kiswahili cha baba yake vile vile kilivyokuwa: "Hapana ambia Agnes kwa simu. Mtu aende." Treni ikaja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka bila mimi. Nilianza kwa kucheka kidogo, kwa sababu ya ile "hapana ambia", maana sauti yake yote ilikuwa humo. Kilio kilifuata nyuma yake.

Agnes anayetajwa ni Sista Agnes wa Handsworth, muuguzi mstaafu, mtu wa Nyeri, ambaye Wakenya wengi wa mji huu walinywa chai yao ya kwanza ya maana nyumbani kwake. Siku hizi magoti yamemchosha na hatoki sana, ila simu haimtoki mkononi. Anajua kilichopikwa Nairobi kabla hakijaiva. Kwa hiyo nilijua nashindana na nini. Mohinder ameacha ndugu Nakuru, ameacha ndugu Kanada na Leicester, na yeyote kati yao angeweza kubonyeza kidole kimoja tu, habari ikamfikia Agnes jikoni kwake, peke yake, amesimama na birika mkononi. Nilimpigia Papa Dieudonné, Mkongo wetu, rafiki wa miaka yote hiyo, nikamwomba tukutane Soho Road kwenye kituo cha basi. Hakuuliza mengi. "Nakuja, dada," alisema. "Habari ya kifo, mtu moja hawezi kubeba." Nikapanda treni iliyofuata, na njia nzima mpaka mjini sikuiona Birmingham ya dirishani hata kidogo. Niliiona ile ya mwaka ule.

Ulikuwa mwaka ambao kompyuta zilitabiriwa kifo. Vijana nikiwasimulia hunitazama kwa huruma, wakidhani umri umeanza kunichanganya. Lakini ndivyo ilivyokuwa katika miaka ile ya mwisho ya tisini: magazeti yaliandika, redio zilisema, wakubwa wa biashara walipanda majukwaani wakatangaza kwamba ile kompyuta ya mezani, yenye kichwa kizito na waya nyuma kama mizizi, siku zake zimehesabika. Mahali pake patachukuliwa na kisanduku kidogo, rahisi, kisicho na diski wala chochote cha kuharibika. Utakichomeka kwenye televisheni na kwenye soketi ya simu, basi, intaneti imeingia sebuleni. Barua zako, picha zako, kila kitu chako kitakaa huko nje kwenye mashine za kampuni, na wewe utakuwa unachungulia tu. Mhadhiri wetu chuoni alitupa habari hizo kwa furaha ya mtu anayetangaza arusi. Alisema sisi wa mwaka wa mwisho tumesomea ufundi wa mkokoteni, na tunahitimu siku ya kuzinduliwa kwa gari. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mkokoteni wenyewe ndio uliokuwa ukinilisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Selly Oak, katika nyumba ya wanafunzi ambayo bafu lake lilikuwa na uyoga mwingi kuliko soko, na siku nisizokuwa na masomo nilifanya kazi kwa Mzee Mohinder. Nilimpata kwa bahati. Niliingia dukani kununua waya, nikamsikia Singasinga mwenye kilemba cha buluu akiitukana printa kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Pole, Mzee, labda haielewi lugha." Aligeuka akanitazama, akacheka mpaka akaketi. Kabla sijalipia ule waya alikuwa ameshaniuliza kama najua kushika bisibisi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Mbele palikuwa na kompyuta nzima. Nyuma palikuwa na mizoga, maana Mohinder hakutupa kitu. Mashine iliyokufa aliifungua, akaipuliza vumbi kwa mdomo, akatoa kinachofaa, na kilichobaki akakipanga rafuni akisema kitapata kazi siku moja. Palinuka risasi ya kuchomelea na bizari, kwa kuwa Mama Jasbir alishusha chakula cha mchana kutoka ghorofani, chapati zimefungwa kitambaa na dengu ndani ya kopo la chuma, na tulikula juu ya meza ile ile ya kazi, tukisogeza skrubu kando. Nimekula hoteli nyingi tangu siku zile, za vitambaa vyeupe mezani. Sijakula mahali nikahisi mwenyeji kama nilivyohisi pale.

Utabiri ule ulimnyima usingizi. Aliukata kwenye gazeti, akaukunja, akauweka mfuko wa shati, na kila mteja aliyeingia alitolewa karatasi na kuulizwa maoni. Mimi ndiye niliyeulizwa zaidi.

"Wakesho, wewe nasoma university. Ambia mimi kweli. Kompyuta nakufa?"

"Wanasema hivyo, Mzee."

"Na hii box yao, ndani iko nini?"

"Hakuna kitu kikubwa, Mzee. Vitu vyote viko kule kwa kampuni."

Alifikiri sana, chapati mkononi. "Kama ndani hakuna kitu," alisema, "fundi nafungua nini?"

Nilimcheka, naye akacheka, lakini niliona chapati yake ameirudisha kwenye kitambaa bila kuimaliza. Mtu aliyeishi kwa vitu kuharibika alikuwa ameambiwa kwamba vitu vimeamua kutoharibika tena. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi. Basi alipokuja muuzaji kutoka London, kijana mwenye suti inayong'aa na kisanduku cha mfano kwapani, Mohinder alikuwa ameshajisalimisha moyoni. Yule kijana alikichomeka kwenye televisheni ndogo ya dukani, simu ikalia ule mlio wake wa paka wawili wanaogombana, na ukurasa ukajitokeza wenye herufi kubwa kama za kitabu cha watoto. Hakuna diski. Hakuna virusi. Hata bibi kizee anaweza. Mohinder alikizunguka kisanduku mara nyingi akitafuta skrubu. Kijana alipoondoka, mzee aliniambia kwamba heri kuuza jeneza kuliko kulala ndani yake, na kabla ya mwezi kwisha nusu ya chumba cha mbele ilikuwa imejaa visanduku vyeusi katika maboksi yao.

Kilichobaki kilikuwa kumpata wa kuviuzia, na hapo ndipo Sista Agnes anapoingia. Mama yake alikuwa amelazwa Nairobi, na kila kitu katika maisha ya Agnes mwaka ule kilikuwa kusubiri habari. Barua ya posta ilikuja na ugonjwa wa mwezi uliopita. Simu ilikuwa ya jirani wa kaka yake, na laini ilishika ilipopenda. Lakini kaka yake, Kariuki, alikuwa amegundua saiba moja, duka la intaneti ya kulipia, mjini Nairobi, na mimi nilikuwa na anwani ya barua pepe ya chuo. Basi tulijiundia posta yetu wenyewe. Kariuki aliniandikia mimi, kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi ni Mtaita na Kikuyu chake kingenipita. Nami kila Ijumaa niliichapa barua chuoni, nikapanda treni na basi mpaka Handsworth. Nilikuwa nimeshaisoma. Agnes alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi, akanitazama usoni kabla ya mkononi, nami nilikuwa nimejifunza kuingia na uso unaofaa. "Chai kwanza, Sista," nilimwambia, tukaketi, akamimina chai ya maziwa iliyochemshiwa kwenye sufuria, na nikaanza na yale yaliyo mazuri: mama amekula uji, mama amemuuliza Agnes anaendeleaje na baridi. Yaliyo magumu niliyaleta baadaye, kikombe kikiwa nusu. Hakuna aliyenifundisha. Kwetu habari ina adabu yake ya kuingia nyumbani, sawasawa na mgeni.

Mohinder aliposikia habari za posta yetu alipiga paja. Huyu ndiye mtu wa kisanduku! Hana haja ya kusubiri Ijumaa, hana haja ya Wakesho kupanda basi kwenye mvua. Atakaa kwenye kochi lake na kusoma kaka yake amesema nini leo hii. Alimpa kimoja bure, na katika ubure huo palikuwa na hesabu, maana kila Jumapili baada ya ibada watu wote wa fellowship yetu, wauguzi, wanafunzi, walezi wa wazee, walikusanyika kwa Agnes. Wakikiona kikifanya kazi, watanunua, na duka litapona. Agnes alifurahi kama mtoto. Tulimfungulia anwani yake mwenyewe, nami nikamwandikia Kariuki kwamba kuanzia sasa atume huko. Akajibu ameelewa. Na aliyaelewa maneno, nina hakika. Kilichomshinda Kariuki ni kile ambacho kingemshinda yeyote aliyekulia kwetu miaka ile, ambako simu ni ya jirani, sanduku la posta ni la shule, na mtu mwingine ndiye huja mlangoni kukwambia kumekuja neno. Hakuweza kuona akilini mwake barua inayomfikia mwenyewe bila kupita kwa mtu.

Jumapili yenyewe naikumbuka kwa harufu. Agnes alikuwa amepika maharagwe kwa nazi, na yale majani ya kabeji ya Kiingereza tuliyoyaita sukuma wiki kwa kujifariji, na chapati zisizohesabika. Sebule yake ilikuwa ndogo, ya zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, na ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Makoti yalikuwa yamerundikwa kitandani juu. Mohinder alikuja na tai, na Mama Jasbir na sinia la jalebi, zile tamutamu za Kihindi. Wanaume walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu kifo cha kompyuta kabla hata kisanduku hakijachomekwa. Mmoja alisema amenunua yake juzi tu, kwa hiyo kompyuta haiwezi kufa, Mungu hana ukatili huo. Papa Dieudonné, wakati huo kijana mwembamba aliyekuwa amefika karibuni na koti la mtu mwingine, aliinamia kile kisanduku akakigonga kwa kucha.

"Mais, lakini barua inalala wapi?" aliuliza.

"Hapana lala hapa," Mohinder alimjibu. "Nalala huko, kwa kampuni."

"Basi ile siku kampuni inafunga mlango?"

"Kampuni kubwa sana, hapana funga."

Papa Dieudonné alitikisa kichwa. "Sisi tuliona serikali inafunga," alisema, na watu wakacheka, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kucheka.

Mohinder akawasha. Paka wakagombana kwenye laini ya simu, watu wakapiga makofi, na kwenye televisheni ya Agnes, kubwa, juu ya kabati lenye vitambaa vya kufuma, pakatokea kibahasha kikiwaka. Kuna barua! Mohinder alinitazama kwa fahari. Hakuipanga hiyo, ilikuwa neema. Agnes alikuwa anatoka jikoni na sahani ya chapati.

"Ni ya Kariuki!" alisema. "Fungua, Mzee, fungua wote waone. Labda leo mama ametusalimia sisi wote."

Hapo lazima nieleze kitu kimoja kuhusu sebule zetu. Waliotengeneza kile kisanduku nadhani walikuwa wamefikiria nyumba ya Kiingereza, mtu mmoja, kochi moja, paka, mapazia yamefungwa. Kwetu sebule ni uwanja. Televisheni ni ya wageni. Hakuna anayesoma barua yake kwenye televisheni, kama vile hakuna anayeoga barazani. Na bado siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo, kwa kuwa tulikuwa tukitazama mashine.

Barua ilijifungua polepole, mstari mmoja mmoja kutoka juu, ndivyo intaneti ilivyokuwa. Mstari wa kwanza ulisema: Mpendwa Wakesho, salamu katika jina la Bwana.

"Mbona anamsalimia Wakesho kwa TV yangu?" Agnes akasema, na chumba kizima kikacheka.

Mstari wa pili: Nakuomba uwe na nguvu, dada, maana ni wewe utakayembebea Agnes habari hii.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilitoka chumbani mtu mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyofika mwisho wa mstari. Mohinder hakuwa msomaji wa haraka wa Kiswahili, lakini alizisoma nyuso. Alianza kubonyeza kibodi. Ilikuwa kibodi isiyo na waya, fahari nyingine ya yule kijana wa London, na ili ifanye kazi ilipaswa kuonana na kisanduku ana kwa ana. Na kati yake na kisanduku walikuwa wamekaa watu wa fellowship, bega kwa bega, sakafuni na vitini. Alibonyeza na kubonyeza. Mistari iliendelea kushuka. Mama ametuacha jana jioni. Nimepiga simu haishiki. Tafadhali usimwambie barabarani wala kazini. Nenda kwake. Mkalishe kwanza.

Aliposoma hapo, Agnes akaketi. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Kaka yake alisema akalishwe, na hapakuwa na wa kumkalisha, kwa hiyo alijikalisha mwenyewe, kwenye mkono wa kochi, sahani ya chapati mapajani, kwa utiifu kama mtoto shuleni. Na barua haikuwa imekwisha. Hakikisha watu wa kanisa wapo. Na mstari wa mwisho, ambao ningetoa chochote usishuke: Akiuliza kama aliteseka, mwambie hapana.

Mohinder aliitupa kibodi, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya televisheni, mgongo kwenye kioo, mikono ameinyoosha huku na huku. Alikuwa mtu mpana. Alisimama hivyo, machozi yanaingia ndevuni, akizificha herufi zilizokwisha kusomwa, mpaka Papa Dieudonné alipotambaa nyuma ya kabati na kuchomoa waya ukutani. Hapo ndipo Agnes alipopiga ukelele, na wanawake wakamshika. Nami nilimshika. Alinishika mkono kwa nguvu za muuguzi, akaniuliza sikioni, "Wakesho, aliteseka?" Kwa Ijumaa zote zile ningejua la kusema. Siku ile nilifungua mdomo, na sote wawili tulijua nimeambiwa niseme nini, kwa hiyo neno halikuwa na kazi tena. Hakuniuliza tena siku ile wala baadaye, ila najua swali alikaa nalo.

Tulifanya matanga palepale, chakula kilikuwepo, watu walikuwepo. Agnes mwenyewe baadaye alikuwa akisema, kwa haki yake, kwamba angalau nyumba ilikuwa imejaa. Jumatatu Mama Jasbir alikuja na wanawake wawili wa gurdwara, hekalu lao la Kisingasinga, na masufuria ya kutosha kikosi, wakaingia jikoni bila kuuliza kijiko kiko wapi. Mohinder alikuja nyuma yao na blanketi. Alikifunga kile kisanduku ndani yake kama anayeondoa mnyama aliyeuma mtu, akakibeba mpaka dukani. Hakuna mtu wa fellowship aliyenunua hata kimoja, na hakuna aliyelazimika kueleza sababu. Maboksi yalirudi London, mengine yakabaki rafuni na mizoga. Siku moja nilimkuta amekifungua kile cha Agnes, hatimaye amezipata skrubu, zilikuwa zimefichwa chini ya vile viguu vya mpira. Alikuwa amevaa miwani ya kazi na kukitazama kwa muda mrefu.

"Iko mbovu?" nilimuuliza.

"Hapana mbovu. Yote iko sawa." Aliweka kidole kwenye ile nafasi tupu katikati. "Nakosa kitu moja tu. Hapa katikati, hapana mtu."

Wakati ule nilidhani ni huzuni inayosema. Nilimaliza shahada yangu ya mkokoteni, na mkokoteni ukanilea vizuri tu, maana kompyuta zilikataa kufa mwaka ule na uliofuata na mingi iliyofuata. Ile kampuni kubwa sana ndiyo iliyokufa. Ilifunga mlango, na barua zote zilizolala kwake zikalala milele, na Papa Dieudonné hakuacha kutukumbusha. Mohinder aliendelea kupuliza vumbi. Lakini siku hizi, nikiwa kwenye treni nikitazama watu wameinama, nasema watabiri wale hawakuwa waongo. Walikosea mlango tu. Kisanduku kilishindwa sebuleni, kikazunguka uani, kikaingia mfukoni: kidogo, hakifunguki, kila kitu chake kinalala kwa kampuni huko mbali. Mzee alimaliza miaka yake ya kazi akibadilisha vioo vya visanduku hivyo, akilalamika kwamba skrubu zake ni za kuvalisha siafu. Na kila kimoja kinampelekea mwenyewe habari yake, ya arusi na ya msiba kwa mlio ule ule, basini, kazini, amesimama. Nazipenda simu, sidanganyi. Naongea na wajukuu wa dada yangu Voi nikiwaona meno. Lakini naupenda zaidi ule mwaka wa Ijumaa, treni na basi, barua imekunjwa ndani ya koti, na mimi njiani nikifanya mazoezi ya uso.

Papa Dieudonné alikuwa ananisubiri Soho Road, amevaa koti lake zuri, la kwake mwenyewe siku hizi, na fimbo. Tulipita mbele ya lililokuwa duka. Sasa wanauza nguo za arusi. Tulitembea polepole kwa ajili ya mguu wake, na mara mbili nilitaka kumharakisha, kwa sababu saa sita ilikuwa inakaribia na Jasbir angeweka tangazo lake. Mfukoni simu yangu ilitikisika. Sikuitazama. Tulipogonga, tulisikia televisheni ndani, na sauti ya Agnes ikisema ngoja, ngoja, magoti haya.

Alifungua. Alinitazama usoni kabla ya mkononi. Kisha akamtazama Papa Dieudonné, na koti lake.

"Mmekuja wawili," alisema, "na hakuna aliyepiga simu."

"Chai kwanza, Sista," nikasema.

Aligeuka akaingia sebuleni, ile ile, ya matofali mekundu na vitambaa vya kufuma. Simu yake ilikuwa mezani, nayo iliwaka na kutikisika huku tukitazama, na nikaona mkono wake ukiifuata kwa mazoea. Ukaishia njiani. Aliigeuza kifudifudi. Akachukua rimoti, akazima televisheni, akaketi, si kwenye mkono wa kochi, bali katikati ya kochi, akaweka viganja magotini.

"Nimeketi," alisema. "Niambie."

Nikaketi karibu naye, Papa Dieudonné upande wa pili, nikamwambia ni Mzee Mohinder, alfajiri ya leo. Alifumba macho. Akatikisa kichwa kidogo kidogo, kisha akanishika mkono kwa zile nguvu za muuguzi ambazo umri haujazigusa.

"Wakesho. Aliteseka?"

Yote aliyoniandikia Jasbir kuhusu siku zile za mwisho nilikuwa nayo, mstari kwa mstari, ndani ya simu mfukoni mwangu, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuyasoma isipokuwa mimi.

"Hapana, Sista," nikasema. "Hakuteseka."

Akashusha pumzi ndefu, akaegemea bega langu, akaanza kulia.